Daktari wa Damu Anajibu: Ripoti ya Kromosomu Inasema Nini kwa Mgonjwa wa Lukemia Kali?

Kati ya barua zilizotufikia, tano zinahusu ripoti ya kromosomu ambayo hutolewa baada ya mgonjwa wa lukemia kali, yaani saratani ya damu inayokwenda kasi, kupimwa uboho, ule ute wa ndani ya mifupa unakotengenezwa damu. Lukemia hiyo ina aina mbili kubwa zinazotajwa humu, ya mieloidi na ya limfoblasti, kulingana na ukoo wa chembe za damu zilizougua. Tumezijibu kwa pamoja kwa sababu jibu la moja linasaidia kuelewa lile la nyingine. Majina ya walioandika na ya wagonjwa wao yameondolewa.

Shikamoo Daktari. Mdogo wangu mwenye umri wa miaka 29 amegundulika kuwa na lukemia kali ya mieloidi. Ripoti ya uboho wake imeandikwa 45,X,-Y,t(8;21). Daktari wa wodini alituambia kwamba hiyo ni habari njema, lakini mimi naona amepungukiwa na kromosomu Y, na mwenyewe anaona haya kuuliza kama uanaume wake umeathirika. Jirani yake wa kitanda ana ugonjwa huohuo, ila yeye ameambiwa atafute upandikizaji wa uboho bila kuchelewa. Inakuwaje? — Msomaji, Tanga

Marahaba. Naanza na lile ambalo mdogo wako analionea haya. Kromosomu Y imepotea katika seli za lukemia pekee. Seli za ngozi yake, za misuli yake na za korodani zake bado zinayo kama alivyozaliwa nayo. Wanaume wenye badiliko la t(8;21) hupoteza Y mara nyingi sana ndani ya seli za ugonjwa, na upotevu huo hauondoi ile habari njema mliyopewa. Kinachoweza kugusa uzazi wake ni dawa za tiba, na hilo ni la kumwuliza daktari wake mapema, kabla dawa hazijaanza ikiwezekana, kwa sababu vipo vituo vinavyohifadhi mbegu za kiume.

Sasa habari njema yenyewe. Seli ya kawaida ya binadamu hubeba kromosomu 46, hesabu ambayo leo inafundishwa shuleni lakini ilithibitishwa mwaka 1956 tu. Alama t(8;21) ina maana kwamba kipande cha kromosomu ya 8 na kipande cha kromosomu ya 21 vimekatika na kubadilishana mahali, mithili ya vitabu viwili vilivyochanika kisha kurasa za kimoja zikashonewa katika kingine. Pale vilipoungana huzaliwa jeni mseto inayozuia chembe changa za damu zisikomae, zikabaki zinaongezeka tu na kuujaza uboho. Hata hivyo seli zenye kasoro hii zina udhaifu wake: hazistahimili tibakemikali, hasa dawa ya sitarabini inapotolewa kwa dozi kubwa, na ndiyo maana wagonjwa wengi wa kundi hili huweza kupona kwa dawa peke yake. Badiliko jingine la kundi hilohilo ni inv(16), ambapo kipande cha kromosomu ya 16 kimegeuka kichwa chini miguu juu bila kuhama kromosomu yake.

Yule jirani wa kitanda sijaiona ripoti yake, lakini shauri alilopewa linaelekea kwenye kasoro za upande wa pili: kupotea kwa kromosomu ya 7 nzima, kupotea kwa kromosomu ya 5 au kipande cha mkono wake mrefu, kugeuka kwa kipande cha kromosomu ya 3, kasoro za mkono mfupi wa kromosomu ya 17, au ile hali ambayo maabara huiita changamano, yaani kasoro tatu au zaidi kwa pamoja katika seli za ugonjwa. Mkono mfupi wa kromosomu ya 17 unastahili kutajwa peke yake, kwa kuwa huko ndiko iliko jeni TP53, ambayo kazi yake mojawapo ni kuiamuru seli iliyoharibika ife. Tibakemikali hufanya kazi kwa kuiharibu seli ya ugonjwa hadi ijiue. Seli isiyo na TP53 timamu huharibiwa na dawa, kisha ikaendelea kuishi na uharibifu wake.

Utafiti mmoja uliothibitisha kwa nguvu mgawanyo huu ulichapishwa Uingereza mwaka 1998, nao uliwahusu wagonjwa 1,612 wa lukemia kali ya mieloidi, wakiwemo watoto na watu wazima hadi umri wa miaka 55. Baada ya miaka 5, waliokuwa hai walikuwa asilimia 65 katika kundi la kasoro njema, asilimia 41 katika kundi la kati, na asilimia 14 katika kundi la kasoro mbaya. Nazitaja takwimu hizi ili msomaji auone ukubwa wa tofauti, lakini sipendi zisomwe kitandani kwa mgonjwa kana kwamba ni hukumu. Zilitokana na hospitali zenye damu ya kutosha, chembe sahani za kuongezewa mgonjwa, viuavijasumu vya kila aina na dawa zisizokatika. Tena zilikusanywa kabla ya dawa kadhaa za leo kuwapo. Mgonjwa mwenye kasoro njema anayepatwa na maambukizi wakati chembe zake nyeupe ziko chini, akakosa dawa usiku huohuo, hataokolewa na kromosomu zake.

Kwa nini basi mmoja apandikizwe na mwingine asipandikizwe? Upandikizaji wa uboho wa mtu mwingine ndiyo silaha kali kuliko zote tulizonazo, na kwa ukali huo wapo wanaokufa kwa tiba yenyewe: kwa maambukizi, au kwa chembe za mchangiaji kuushambulia mwili wa mpokeaji. Mtu mwenye t(8;21) aliyeitikia dawa vizuri ana nafasi kubwa ya kupona bila kuingia katika hatari hiyo, hivyo madaktari huuweka upandikizaji akiba, endapo ugonjwa utarejea. Kwa mwenye kasoro mbaya hesabu inageuka, kwani hatari ya ugonjwa kurejea inazidi hatari ya upandikizaji. Wala msidhani kwamba mmoja amependelewa na mwingine amesahauliwa.

Kuna jambo ambalo ripoti haiandiki, nalo ni kwamba ubashiri wa kromosomu siku zote ni ubashiri wa kasoro fulani chini ya tiba fulani. Mwaka 1957 daktari wa Norway aliyeitwa Hillestad alieleza aina ya lukemia kali, ile ya promielositi, iliyowaua wagonjwa wake katika muda wa wiki chache kwa kutokwa damu, na kwa miaka mingi ilihesabiwa kuwa ya kutisha kuliko nyingine zote. Janet Rowley na wenzake huko Chicago wakaonyesha mwaka 1977 kwamba chanzo chake ni kromosomu za 15 na 17 kubadilishana vipande. Jeni inayokatika upande wa 17 ni ya kipokezi cha kemikali ya jamii ya vitamini A. Madaktari wa Shanghai wakatoa taarifa mwaka 1988 ya wagonjwa 24 waliopewa dawa ya jamii hiyo, inayofahamika kwa kifupi kama ATRA, ambayo badala ya kuziua seli changa huzilazimisha zikomae. Wote walipata nafuu kamili, na ni mmoja tu aliyehitaji kuongezewa tibakemikali ili aifikie. Baadaye, kutokana na kazi iliyoanzia Harbin, ikaongezwa aseniki. Katika jaribio lililochapishwa mwaka 2013 na madaktari wa Italia na Ujerumani, wagonjwa ambao chembe zao nyeupe hazikuwa nyingi sana walitibiwa kwa ATRA na aseniki bila tibakemikali yoyote, na baada ya miaka 2 asilimia 97 walikuwa hai bila ugonjwa kurejea. Kasoro ya t(15;17) ni ileile aliyokuwa nayo mgonjwa wa mwaka 1957. Leo imo katika kundi jema kuliko yote, ilimradi mgonjwa avuke siku za mwanzo ambazo damu yake haigandi sawasawa. Na kwa sababu ya siku hizo, daktari anayeishuku lukemia hii huanza kutoa ATRA papo hapo bila kungoja majibu ya kromosomu. Niongeze, kwa kuwa najua litaulizwa: vidonge vya vitamini A vya dukani si dawa hiyo, na kuvimeza kwa wingi huumiza ini.

Daktari, binti yangu wa miaka 4 ana lukemia kali ya limfoblasti. Ripoti yake inasema seli zina kromosomu 54. Ninavyojua, mtu mwenye kromosomu 47 anaweza kuzaliwa na hali ya Down. Je, mwenye 54 atakuwaje? Mama mkwe wangu anasema kasoro hiyo imetoka upande wetu, na anataka watoto wangu wengine wawili wapimwe. — Mama, Mombasa

Mama, pole kwa ugonjwa wa mtoto, na pole kwa maneno ya nyumbani. Mtoto mwenye hali ya Down huwa na kromosomu ya 21 ya ziada tangu kutungwa mimba, kwa kawaida katika seli zote za mwili. Binti yako amezaliwa na 46. Zile 54 ziko katika seli za lukemia tu, na zilipatikana pale seli moja ya damu ilipokosea kujigawa. Hazikutoka upande wenu wala upande wa baba yake, na yeye mwenyewe hatamrithisha mtu.

Pia habari ni njema kuliko unavyodhani. Katika lukemia kali ya watoto, seli zenye kromosomu kati ya 51 na 65 huashiria mwelekeo mzuri, na hali hiyo huonekana kwa takriban robo ya watoto wenye lukemia ya chembe nyeupe za aina ya B. Sababu mojawapo imechunguzwa vizuri. Kromosomu inayozidi mara nyingi kuliko zote katika seli hizo ni ya 21, na juu yake ipo jeni ya mlango ambao dawa ya methotreksati huupitia kuingia ndani ya seli. Penye milango mingi zaidi, dawa hujikusanya kwa wingi zaidi, na seli hufa kwa urahisi. Katika nchi ambako mtoto hupata tiba yote bila kukatizwa, zaidi ya watoto 9 kati ya 10 wa kundi hili huishi. Tiba hiyo huchukua miaka 2 au zaidi, sehemu kubwa ikiwa ni vidonge vya nyumbani, na hapo ndipo ninapoomba familia iweke nguvu yake yote: mtoto ataonekana mzima kabisa, atacheza, atakwenda shule, na nauli ya kwenda kliniki itaanza kuonekana kama gharama isiyo na sababu.

Maabara yenye uangalifu hufanya uhakiki mmoja kabla ya kuliweka jibu la 54 katika kundi jema. Wapo watoto wachache ambao seli zao zimepoteza kromosomu nyingi, zikabaki chini ya 44, na hiyo ni dalili mbaya. Mara nyingine seli hizo hujirudufu, zikahesabika nyingi ilhali asili yake ni upungufu. Kinachotofautisha ni kromosomu zipi zimezidi na kwa nakala ngapi. Mwulize daktari wa mtoto kama jambo hilo limeangaliwa.

Kuhusu wale wengine wawili, hawahitaji kupimwa kromosomu wala uboho kwa sababu ya dada yao. Wangekuwa mapacha wa kufanana ningejibu tofauti, kwa kuwa lukemia nyingi za utotoni huanza tumboni, na seli ya ugonjwa huweza kuvuka kutoka kwa pacha mmoja hadi kwa mwenzake kupitia kondo la nyuma wanaloshirikiana.

Assalaam alaykum Daktari. Ami yangu ana miaka 52, ana lukemia kali ya limfoblasti, na wameikuta kromosomu ya Philadelphia. Kijana mmoja wa hospitali alitunong'oneza kwamba hiyo ndiyo mbaya kuliko zote, na tangu siku ile ami amekataa kula. — Msomaji, Unguja

Waalaykum salaam. Kijana huyo amesoma kitabu cha zamani. Kromosomu hii ndogo iligunduliwa mwaka 1960 na Peter Nowell na David Hungerford, katika mji wa Philadelphia, kwa wagonjwa wa lukemia sugu ya mieloidi. Mwaka 1973 Rowley niliyemtaja hapo juu akaonyesha kwamba hutokana na kromosomu za 9 na 22 kubadilishana vipande. Katika lukemia kali ya limfoblasti ni nadra kwa watoto, lakini huonekana kwa takriban robo ya watu wazima, na huongezeka kadiri umri unavyopanda. Ni kweli kwamba zamani iliashiria mabaya, na mtu mzima aliyekuwa nayo alikuwa na nafasi ndogo mno ya kupona asipopandikizwa uboho.

Kilichobadilika ni kwamba jeni mseto inayotokana na badiliko hili hutengeneza kimeng'enya kisichozimika, na mwaka 2001 iliidhinishwa nchini Marekani dawa ya imatinibi inayokizima kimeng'enya hicho chenyewe, mwanzoni kwa lukemia sugu. Ilipoongezwa kwenye tibakemikali ya watoto wenye lukemia kali na kromosomu hii, katika jaribio la Marekani lililochapishwa mwaka 2009, waliofika mwaka wa 3 bila ugonjwa kurejea walikuwa asilimia 80, wakati kabla yake walikuwa asilimia 35. Kwa watu wazima matokeo hayajafikia ya watoto, ila nao wamenufaika sana, na dawa zilizofuata, kama dasatinibi na ponatinibi, zimewapa baadhi yao nafuu hata pale tibakemikali kali ilipopunguzwa kwa sababu ya umri. Kwa ami yako swali la kuuliza wiki hii ni moja: je, amekwisha kuanzishiwa dawa ya kundi hili pamoja na tiba nyingine? Ikiwa bado, mwulizeni daktari kwa nini na ataianza lini. Na aelezwe haya na daktari wake mwenyewe, akiwa ameketi, familia ikiwepo.

Mimi ni muuguzi. Wagonjwa wangu wawili wa lukemia kali ya mieloidi wamerudishiwa majibu: mmoja kromosomu zake ni za kawaida, wa pili maabara imesema kipimo hakikufaulu. Familia zote mbili zinadhani maana yake ni kwamba ugonjwa haupo. — Muuguzi, Mwanza

Kromosomu za kawaida ni jibu, kipimo kisichofaulu si jibu. Kati ya watu wazima wenye lukemia kali ya mieloidi, 4 hadi 5 katika kila 10 huonekana na kromosomu za kawaida kwa hadubini, kwa kuwa kasoro zao ni ndogo kuliko kinachoweza kuonekana hapo. Wanawekwa katika kundi la kati kwa muda tu, mpaka jeni zao zipimwe: badiliko katika jeni NPM1 huwasogeza wengi upande mwema, na badiliko la kurudufika kwa kipande cha jeni FLT3 huongeza hatari ya ugonjwa kurejea, ingawa sasa zipo dawa zinazoilenga. Angalia pia ni seli ngapi zilizohesabiwa. Jibu la kawaida lililotokana na seli 20 lina uzito. Lililotokana na seli 6 halina.

Kuhusu kile kisichofaulu, kipimo cha kromosomu huhitaji seli zilizo hai, zinazoweza kujigawa maabara kwa siku moja au mbili, kwa maana kromosomu huonekana vizuri wakati wa kujigawa tu. Uboho ukiwekwa katika tyubu ya kifuniko cha zambarau badala ya ile ya kijani yenye heparini, ukigandishwa, ukiachwa juani kwenye gari, au ukichukuliwa mvuto wa nne baada ya vipimo vingine kumaliza uboho mzito, seli hazitajigawa. Omba sampuli irudiwe kabla dozi ya kwanza haijatolewa, mradi hali ya mgonjwa inaruhusu kungoja. Kama tiba imekwisha kuanza, yote hayajapotea: kipimo cha FISH, kinachotumia vialama vya kung'aa kutafuta kasoro maalumu, huweza kufanywa kwa seli zisizojigawa, hata zilizobaki kwenye vioo vya hadubini vya siku ya kwanza, na PCR, kipimo kinachozidisha nakala za jeni ili zionekane, huweza kuzitafuta jeni mseto zinazojulikana. Vioo hivyo visitupwe.

Mume wangu alikutwa hana kromosomu moja ya 7. Baada ya mzunguko wa kwanza wa dawa, uboho umeonyesha kromosomu 46 zote za kawaida. Je, ametoka katika kundi baya, na tunaweza kuuahirisha upandikizaji? — Mke, Nakuru

Dada, dawa zimefanya kazi, na hilo ni jambo kubwa kwa sababu wagonjwa wenye kasoro hii huwa hawaitikii wote. Lakini kundi huamuliwa na ripoti ya siku ya kwanza, nalo halifutwi na ripoti ya leo. Maabara ikihesabu seli 20 na zote zikawa safi, inawezekana bado kuna seli moja ya ugonjwa katika kila 1,000 ambayo haikuonekana. Vipo vipimo vya mabaki ya ugonjwa vinavyoweza kuiona hata seli moja kati ya 10,000, na matokeo yake huwasaidia madaktari kujua tiba ya kwanza imefika wapi; kwa mwenye kasoro kama ya mume wako, hata mabaki yasipoonekana, upandikizaji kwa kawaida hubaki ndiyo njia inayoshauriwa. Wakati wake mzuri ndio huu, ugonjwa ukiwa umetulia, kwani ukirejea ni vigumu zaidi kuutuliza mara ya pili.

Kwa hiyo msiahirishe. Waiteni ndugu zake wa baba mmoja na mama mmoja wapimwe kulingana kwa tishu. Kila mmoja wao ana nafasi 1 kati ya 4 ya kulingana naye kikamilifu. Asipopatikana hata mmoja, mtoto wenu aliye mtu mzima au mzazi wake, ambaye hulingana naye nusu, siku hizi anaweza kukubaliwa katika vituo vingi, kwa hiyo nao wapelekwe siku hiyohiyo.